Juu ya Pepo Mtundu wa Nyumbani katika Nchi ya Wayao

Mbesa ni kijiji cha wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, upande wa kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Ni nchi ya Wayao, na Kiswahili kimekaa huko pamoja na Kiyao kwa muda mrefu, katika mambo ya shamba, ya dini na ya usiku. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kwa kupimia neno linalowasumbua wafasiri wa hadithi za Ulaya, yaani jina la kile kiumbe kidogo, kitundu, kikaacho ndani ya nyumba za watu, kifichacho vijiko na kumwagacho maziwa, na pengine kufagia jiko usiku kisipoudhiwa.

Warusi humwita domovoi, jina litokalo katika neno lao la nyumba, na walipohama walimwalika afuatane nao mpaka nyumba mpya. Wajerumani wana Kobold. Waskoti wana Brownie, ambaye husemwa kuwa hufanya kazi za usiku kwa ujira wa maziwa au uji, na akipewa nguo huondoka asirudi. Tabia zao zatofautiana, lakini kwa kawaida wote ni wa nyumba yenyewe, wala hakuna jirani aliyewatuma.

Maneno ya Kiswahili yaliyo karibu hayatoshi. Zimwi ni mla watu, na methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha yaonyesha ya kuwa hata likikuzoea haliachi kula. Kibwengo hutajwa zaidi majini na mitini kuliko jikoni. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, akapungwa kwa ngoma. Mzimu una kaburi na ukoo.

Kiyao chaonekana kwanza kuwa na jibu jema zaidi, nalo ni chitowe, wingi wake itowe. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, aliwaeleza itowe kuwa viumbe waharibuo mashamba: mazao huoza kabla ya kukomaa, na nyayo zao huonekana kati ya matuta. Watu waliwawekea mboga njia panda ili wasiingie shambani. Utundu upo, na sadaka ndogo ya kuwatuliza ipo. Lakini chitowe haingii nyumbani.

Yuko na mwingine, ambaye jina lake lastahili kuangaliwa kwa makini na wanalugha: mumbonelekwapi. Hilo ni swali zima lililogeuzwa kuwa jina, “mumbonele kwapi?”, yaani “mmeniona wapi?” Mzizi wa kitendo ni -wona, sawa na -ona ya Kiswahili. Sauti w, ikitanguliwa na n ya nafsi ya kwanza, hugeuka mb, kama -wili ya Kiswahili inavyogeuka mbili katika “nyumba mbili” ilhali watu ni wawili. Kiumbe huyo ni mfupi sana, na ufupi humtia uchungu. Akutanaye naye njiani huulizwa swali hilo, naye akijibu kwamba amemwona papo hapo, hupata madhara. Jibu la salama ni kusema, “Nimekuona tangu kule mlimani.” Swali lile lile lapatikana kwa Wazulu, katika habari za Abatwa zilizokusanywa na Callaway katika karne ya 19, na Wanyanja wanalo pia. Ni rahisi kudhani kwamba Wangoni, waliotoka kusini wakavuka Zambezi mwaka 1835 na baadaye kufika Songea, ndio walioileta. Hata hivyo, hadithi husafiri kwa njia nyingi, na kufanana peke yake si ushahidi wa njia iliyopitwa. Naye mumbonelekwapi pia ni wa njiani, si wa nyumbani.

Basi ukivuka kizingiti hali hubadilika. Mathalani unga uliopimwa jioni ukutwe umepungua asubuhi, na panya wala mwizi hakuonekana. Kwa imani za kale za Wayao, mmoja awezaye kusumbua nyumba ni lisoka, wingi masoka, roho ya mfu wa ukoo atakaye kukumbukwa. Dawa yake ilikuwa kumwaga unga wa sadaka, hasa chini ya mti wa msolo. Mwingine ni ndondocha. Habari za kale zasema kwamba ndondocha ni mfu aliyefufuliwa na mchawi, akakatwa miguu magotini, akafichwa ndani na kulishwa uji, naye akilia bwana wake hana budi kumtimizia haja yake. Kusini mwa Tanzania neno hilo lingali likisikika, likikaribiana na msukule. Uislamu, ulioenea kwa Wayao hasa mwishoni mwa karne ya 19, uliongeza jini. Na jini wa nyumbani naye husemwa kuwa amefugwa.

Tazama basi kwamba lisoka ni wa ukoo wako, na ndondocha na jini wa kufugwa ni wa mtu fulani. Katika majina haya hayumo mtundu wa ndani asiye na mwenyewe. Hata “chuma ulete”, jina jingine lililofanywa kwa sentensi nzima, ambalo Watanzania wa leo hulitaja fedha za dukani zikipungua pasipo sababu, ndani yake mna amri, na kila amri ina aliyeitoa.

Hapo ndipo tafsiri inapokuwa jambo zito. Kusema “lisoka” ni kuagiza unga, ila kusema “ndondocha” ni kumtafuta jirani. Tuhuma za uchawi zimeua watu katika Tanzania, hasa wanawake wazee wa Usukuma, na mara nyingi tuhuma huanza kwa jambo dogo lililopewa jina. Mfasiri amwitaye Brownie “jini wa nyumba”, kwa nia ya kuwachekesha watoto, humtia bwana asiyekuwamo katika hadithi.

Yafaa zaidi kuliacha jina la kigeni kama lilivyo na kulieleza mara moja. Maelezo hayo yasianze na umbo wala matendo yake, kama kamusi zifanyavyo kwa kawaida, kwa maana msomaji wa Tunduru hataanza kwa kuuliza kiumbe hicho kinafanya nini. Atauliza ni cha nani. Sentensi ya kwanza na imjibu kwamba hakina mwenyewe, hakikutumwa, na wenye nyumba hukihesabu kuwa mmoja wa wakaao humo.