Msuli Nao Huwambwa Kama Ngoma

Dada yangu ni fundi cherehani. Ikifika jioni kichwa humbana pande zote mbili, kama kimefungwa kamba. Zahanati wakampima malaria, hana. Akarudi na dawa za maumivu. Hakuna aliyemgusa shingo. Mimi nilipobonyeza chini ya kisogo, aliruka.

Vidole vyangu vilihisi ugumu, lakini vidole havitoi namba. Zipo mashine zinazotoa, na ninayoipenda ni Myoton, kifaa cha kushika mkononi kilichotokana na kazi ya Arved Vain wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ncha yake hubonyeza ngozi kidogo, kisha hugonga mara moja tu: milisekunde 15, newtoni 0.4, sawa na uzito wa gramu 40. Yai la kuku ni zito kuliko hilo. Halafu ncha inabaki palepale, ikiusikiliza msuli unavyotikisika mpaka utulie. Mpiga ngoma anayeota ngozi motoni anaijua siri hii: ikikaza, mlio hupanda. Msuli uliokaza nao hutikisika harakaharaka, uliolegea polepole, na mtikisiko usiokawia kufifia huonyesha kwamba unyumbufu umepungua.

Sasa, watu husema kichwa cha kubana kama cha dada yangu ni mawazo tu, au ni misuli iliyojikunja. Madaktari wenyewe waliwahi kukiita cha misuli kujikunja. Lakini vipimo vya umeme wa misuli havikuonyesha mkunjo wa kutosha kueleza maumivu yale, na uainishaji wa kimataifa wa mwaka 1988 ukakibadilisha jina. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark, kwa kipimo kingine cha ugumu, walipima msuli mpana unaoshuka kutoka kisogoni hadi begani kwa watu wenye maumivu sugu ya aina hii. Ulikuwa mgumu kuliko wa watu wazima wa afya, siku ya maumivu na hata siku ya nafuu! Kwa hiyo mgonjwa anayesema leo hajambo huenda bado amebeba shingo ngumu. Na kwa kuwa neva za shingo ya juu na za uso hukutana kituo kimoja kwenye shina la ubongo, kinachouma shingoni huweza kusikika kwenye paji la uso.

Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakimeza vidonge kila siku. Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Kumpapasa mgonjwa shingo hakuhitaji umeme wala bajeti, na bado kunarukwa.

Kwingineko Myoton hupima wanariadha, waliopata kiharusi, wenye Parkinson, kano za kisigino. Na tangu 2018 wanaanga, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.