Kigango Mbali na Kwao: Ishara na Kumbukumbu katika Sanaa ya Wagiriama

Katika mijadala ya sanaa za jadi za Kiafrika, hudaiwa mara kwa mara kwamba mchongo husimulia. Kigango cha Wagiriama, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kinalitia dai hilo shaka.

Kigango ni nguzo bapa ya mti mgumu, aghalabu yenye kichwa cha duara, inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye hadhi. Kiwiliwili chake hujazwa pembetatu ndogo zilizokatwa kwa safu, na pengine kupakwa rangi. Husimikwa bomani baada ya koma, yaani roho ya marehemu, kumtokea jamaa ndotoni na kudai heshima yake. Kikishasimikwa hakiondolewi, hata ukoo ukihama.

Umbo lote huashiria mtu, na ukubwa wa kazi huashiria cheo. Zaidi ya hapo ishara hunyamaza. Pembetatu hufuata kanuni ya uchongaji, hazitaji jina. Anayejua kanuni hiyo atatambua kwamba hiki ni kigango, lakini si cha nani. Jina, ukoo na ndoto iliyodai mchongo hubaki vinywani mwa jamaa, na hutajwa wanapotambika kwa kumwaga mnazi mbele ya nguzo.

Kutenganishwa huko kwa umbo na jina ndiko kulikorahisisha wizi. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliuzwa kama sanaa, na vingi vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Baadaye vyote viliibwa. Picha hiyo ndiyo iliyomwezesha, pamoja na Linda Giles, kuvitambua katika makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 kimojawapo kikarejeshwa kwa familia. Inafaa kuzingatiwa kwamba ushahidi ulitoka kwenye picha, si kwenye nakshi.

Vigango 30 vilivyotolewa na makumbusho ya Denver vilifika Kenya mwaka 2019 bila picha ya namna hiyo. Nchi yao ilijulikana, hata jamii yao. Boma la kuvisimika halikujulikana.