Simu Hii ni Kilo Ngapi za Majani Chai?

Ikiwa una kijana wa shule ya upili nyumbani, bila shaka umewahi kuambiwa maneno haya: "Wenzangu wote wanayo, mimi nitanunuliwa lini?" Huenda ni simu, huenda ni viatu vya raba au marashi. Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, huenda umeyatamka juma lililopita. Leo tuketi pamoja, mzazi na mwana, tuyapime maneno hayo tukiwa Kisii na Nyamira, kwao jamaa wengi wanaoishi mijini, ambako pesa za kununulia vitu hivyo mara nyingi hutoka shambani.

Ukishuka gari mjini Kisii, matangazo ya biashara hukulaki kabla ya jamaa zako. Kuta za maduka zimepakwa rangi za kampuni za simu, na mabango yametundikwa juu ya barabara. Redio ya mwenye duka nayo haizungumzi Kiswahili wala Kiingereza peke yake. Stesheni kama Egesa FM na Minto FM hutangaza kwa Ekegusii, na kwa hivyo sifa za bidhaa huingia hadi jikoni kwa lugha ya mama, lugha ambayo mtu amezoea kuiamini.

Watu wazima watakumbuka magari ya sinema yaliyokuwa yakizuru masoko na viwanja vya shule. Filamu ilikatizwa ili watu waonyeshwa sabuni, majani chai au mafuta ya kupikia. Lakini gari hilo lilikuja mara moja baada ya miezi mingi, na kijiji kizima kililitazama pamoja. Baba alicheka, nyanya alishangaa, na kulipokucha kila mtu alirudi kwa shughuli zake. Siku hizi tangazo liko katika kiganja cha mkono. Kijana hulitazama peke yake usiku, chini ya blanketi, na hakuna mkubwa wa kumwambia kwamba hayo ni maneno ya mfanyabiashara tu.

Huenda ukajiuliza, kwa nini kampuni imwandame mtu asiye na mshahara? Sababu ziko tatu. Kwanza, kijana hana pesa lakini ana mdomo, na mdomo wake huufikia mfuko wa mzazi upesi kuliko bango lolote. Pili, bidhaa aliyoizoea akiwa na miaka 15 huenda akaendelea kuinunua hata akiwa na miaka 50. Tatu, huu ndio umri ambao mtu huogopa sana kuachwa nyuma na wenzake. Ndiyo maana mwaka wa 2016 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya BLAZE kwa ajili ya vijana. Hilo si kosa. Mwenye duka hutafuta wateja. Kosa ni mteja kutojua kwamba anatafutwa.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kijana anataka simu ya shilingi 15,000. Tuseme pia kwamba mamake, huko Nyamira, analipwa shilingi 25 kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi anayopeleka kituoni. Simu hiyo ni kilo 600. Ikiwa mama anachuma kilo 30 kwa siku, simu hiyo ni siku 20 za kuinama katika umande wa asubuhi, kikapu kikiwa mgongoni. Na hapo hatujatoa pesa za mbolea wala za vibarua. Tangazo litakutajia bei kwa shilingi. Halitakutajia bei kwa kilo.

Wafanyabiashara wanaijua vyema kalenda ya mkulima. Mwaka wa hesabu wa KTDA humalizika mwezi wa Juni, na malipo ya mwisho, yale tunayoyaita bonasi, hutazamiwa na wakulima kufikia Oktoba. Pesa hizo ndizo zinazotegemewa kulipa karo, kuezeka nyumba na kununua ng'ombe wa maziwa. Ndio wakati huo pia ambapo kijana hugundua kwamba simu yake ya zamani "imeharibika". Mzazi akikubali kwa kuona haya, Januari hufika na mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, simu mpya ikiwa mfukoni.

Kuna na mtego wa pesa kidogo kidogo. Mnamo Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, na tangazo lake likavuma kwa maneno ya shilingi 20 kwa siku. Mpango huo uliwasaidia wengi ambao wasingeweza kulipa kwa mpigo. Hata hivyo, shilingi 20 kwa siku kwa muda wa miezi tisa ni kama shilingi 5,400, bila kuhesabu pesa za kutangulia, na asiyelipa simu yake hufungwa. Unapotajiwa bei ya siku moja, zidisha mwenyewe hadi siku ya mwisho kabla ya kukubali.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika kandanda. Vijana wa Gusii wanapenda mpira, na Shabana iliporudi katika ligi kuu mwaka wa 2023, furaha ilikuwa kubwa kweli. Lakini kwa miaka mingi, tangu kampuni za kamari zilipoenea nchini katika mwongo wa 2010, majina yao yameandikwa kwenye jezi za timu za hapa na za Uingereza. Mtoto wa miaka 12 anayevaa jezi ya timu aipendayo huwa bango linalotembea, ilhali sheria haimruhusu kucheza kamari kabla ya kutimiza miaka 18. Mambo yalizidi hata Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa sahihi.

Si kwamba haiwezekani kuyadhibiti matangazo. Sheria ya mwaka wa 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara, ambayo zamani yalijaa kila mahali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua, na kinataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na yenye heshima. Lakini sheria haiwezi kuketi kando ya kila kijana anapofungua simu yake. Kazi hiyo ni yetu.

Wala tusijifanye watakatifu. Hata magazeti hutegemea matangazo, kwani bei unayolipa peke yake haitoshi kulichapisha gazeti. Tangazo si adui. Humweleza mtu kilichoko sokoni na bei yake. Linalotakiwa ni kulijua kwa jina lake, hasa linapovaa nguo ya rafiki, kama pale mchekeshaji mashuhuri anapokisifu kinywaji katika TikTok bila kusema kwamba amelipwa.

Basi mzazi, usimjibu mwanao kwa ukali tu. Keti naye na daftari. Mwonyeshe bonasi ilikuwa ngapi, karo ni ngapi, kinachobaki ni ngapi. Kijana aliyeshirikishwa katika hesabu hubadilika kuliko aliyekemewa. Nawe kijana, ukikitamani kitu, ngoja majuma mawili. Ikiwa tamaa imepoa, lilikuwa tangazo. Ikiwa bado unakihitaji, uliza Daraja Mbili kabla ya kwenda duka la vioo, kisha uligawanye hilo deni kwa kilo za majani chai. Likizo ikifika, nenda ukachume kilo hizo wewe mwenyewe.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndizi za Kisii hazina bango wala wimbo redioni, nazo hupakiwa malori hadi Nairobi na kununuliwa zote. Kabla hujamsumbua mamako kwa ajili ya kitu kinachokupigia kelele usiku kucha, jiulize mbona kinajitembeza hivyo.