Nyumba Moja, Milango Miwili

Kama unataka kumjua mwenzi wako vizuri, kaeni chini mchore ramani ya nyumba. Sisi tulinuniana wiki nzima! Kisa? Nilitaka chumba kidogo cha kuandikia. Mwenzangu akaniuliza, "Yaani unajitenga na mimi ndani ya nyumba yetu wenyewe?" Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata nilipotembelea nyumba ya kale ya shamba iitwayo Hill Top, kijiji cha Near Sawrey, kaskazini mwa Uingereza.

Kwa nje haina mbwembwe. Ilijengwa karne ya 17 kwa ajili ya wakulima, siyo mabwanyenye. Kuta zake ni za mawe, zimepigwa lipu ya kijivu yenye changarawe, na paa ni la vipande vyembamba vya mawe. Ukifungua mlango, huyo uko sebuleni: sakafu ya mawe, meko kubwa ya kuotea moto, dari ya chini. Ukuta mmoja una unene wa futi 4 hivi! Panya nao walijiachia humo, mpaka mwenye nyumba akawaandikia kitabu mwaka 1908.

Mwenye nyumba huyo ni Beatrix Potter, yule wa hadithi za sungura Peter. Mwaka 1905 alichumbiwa na Norman Warne, wa familia ya wachapishaji wake. Wazazi wa binti wakapinga. Mwezi mmoja tu baadaye, Norman akafariki. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 39, Beatrix akainunua Hill Top kwa fedha zake.

Ndani alimkuta msimamizi wa shamba na familia yake. Wengine tungewaambia wafungashe virago. Yeye hakumfukuza mtu wala hakubomoa. Mwaka 1906 akawajengea upande mpya ulioungana na ule wa zamani, akaweka ukutani herufi za jina lake na mwaka. Yeye akabaki upande wa kale. Jengo moja, lakini kila mtu na kwake.

Mwaka 1913 aliolewa na William Heelis, mwanasheria aliyekuwa akimsaidia kununua ardhi. Wakaishi Castle Cottage, kijiji hichohicho. Hill Top hakuiacha. Ilibaki mahali pake pa kufanyia kazi na kutunza vitu alivyovipenda. Na ndoa? Ilidumu miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1943. Tangu 1946 wageni huruhusiwa kuingia.

Niliporudi nyumbani sikumhubiria mtu. Nilisimulia tu, kisha tukaikunjua tena ramani. Mwenzangu akakaa kimya, akachukua penseli, akachora chumba changu. Halafu akachora na kingine pembeni.

"Hiki cha nani?" nikauliza.

"Changu, cha kuangalia mpira."

Kumbe naye alikuwa anakitamani siku zote, anaogopa kusema! Basi, kabla hamjamwita fundi, ulizaneni.