Milio Isiyo ya Kawaida Garini: Chanzo na Tiba

Kila mlio mgeni wa gari una kitu unachokifuata: mwendo wa magurudumu, mzunguko wa injini, usukani, breki au mashimo ya barabarani. Kujua mlio unafuata kipi ni muhimu kuliko kujua unavyosikika, kwa sababu sehemu mbili zisizohusiana zinaweza kutoa sauti ileile. Beringi iliyochakaa na tairi lililoliwa upande hunguruma kwa namna moja, lakini tiba zake ni mbali mbali. Vipuri vikibadilishwa kwa kubahatisha, fedha hutoka na mlio hubaki palepale.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha injini na magurudumu. Gari likiwa limesimama, injini huwashwa na kupandishwa mzunguko taratibu. Mlio ukisikika na kupanda pamoja na mzunguko huo, chanzo kiko kwenye injini, kwenye vifaa vinavyozungushwa na mkanda wake au kwenye ekzosti. Usiposikika, gari hupelekwa kwenye barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na msongamano, likaendeshwa kwa kilomita 60 hivi kwa saa, kisha gia ikawekwa huru. Mlio unaoendelea na kufifia kadiri gari linavyopungua mwendo hutoka kwenye magurudumu, breki au ekseli. Injini haizimwi wakati wa jaribio hili: ikizimwa, usukani na breki huwa vizito, na usukani unaweza kujifunga. Kupita polepole kando ya ukuta mrefu, vioo vikiwa wazi, husaidia pia, kwa kuwa ukuta hurudisha sauti na kuonyesha upande inakotokea.

Ngurumo inayopanda na mwendo huelekeza kwenye tairi au beringi. Sauti ya tairi hubadilika gari linapotoka lami laini kwenda lami ya kukwaruza. Sauti ya beringi hubadilika zaidi kwa uzito. Kwenye kona, uzito wa gari hulalia upande wa nje. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, gari linalozunguka kipilefti hukata kulia na kulalia magurudumu ya kushoto. Ngurumo ikizidi hapo, beringi za kushoto hukaguliwa kwanza. Gari hupigwa jeki, gurudumu likashikwa juu na chini na kutikiswa, kisha likazungushwa kwa mkono. Likicheza au kukwaruza, beringi hubadilishwa. Gurudumu likiwa zima, matairi ya mbele huhamishiwa nyuma, na mlio ukihama nayo, tairi ndilo lenye kasoro.

Kugonga kunakofuata mzunguko wa gurudumu, hasa baada ya kubadilisha tairi, huweza kuwa nati zilizolegea. Gari husimamishwa papo hapo, nati zikakazwa kwa kuvukana na si kwa kufuatana, kisha zikakaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Breki zinazolia kwa sauti nyembamba mara nyingi zinatoa onyo lililokusudiwa. Pedi nyingi zina kibati cha chuma kinachogusa diski pedi inapobaki na unene wa milimita 2 au 3. Onyo hilo likipuuzwa, hufuata mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, diski huchimbika mifereji, na gari huchelewa kusimama. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa wakati mmoja. Mkwaruzo unaoanza ghafla kwenye barabara ya changarawe huweza kuwa kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kinga, na mara nyingi hutoka gari likirudishwa nyuma na mbele polepole. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaokwisha breki zikikanyagwa mara chache, ni kutu nyepesi tu.

Milio ya mashimo na matuta hutoka chini ya gari. Kugongagonga kwenye vishimo vidogo, mwendo ukiwa mdogo, ni dalili ya linki za stabilaiza au bushi zilizokwisha. Kishindo kwenye shimo kubwa, gari likiendelea kunesanesa, ni dalili ya shokapu, na shokapu iliyolowa oili imeshakufa. Boljointi iliyochakaa hugonga na hulia usukani unapokatwa. Hiyo haisubiri, kwa sababu ikichomoka gurudumu hulala na dereva hapotezi tairi tu, hupoteza uelekeo wa gari.

Mlio wa kukatika-katika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na mafuta yakikanyagwa hutoka kwenye jointi ya nje ya shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Chanzo chake cha kawaida ni mpira wa jointi kupasuka, grisi ikatoka na vumbi likaingia. Mpasuko ukigunduliwa kabla ya mlio, mpira mpya na grisi vinatosha. Mlio ukishaanza, jointi hubadilishwa.

Kwenye injini, kelele kali ya asubuhi kwa kawaida ni mkanda. Maji kidogo hunyunyizwa juu yake, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea na unateleza. Ikikoma kwa muda, huenda puli hazijalingana. Kugonga kwepesi upande wa juu wa injini hutokana na tapeti, na oili iliyopungua huwa sababu mojawapo, hivyo kipimo cha oili hutazamwa kwanza. Mlio wa kukatika unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto huweza kuwa ekzosti inayovuja. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo tundu huzibwa mapema.

Kugonga kuzito kutoka chini ya injini, kunakozidi gari linapopanda mlima, ni ishara ya beringi za koneksheni rodi. Injini huzimwa mara gari likishaegeshwa mahali salama, hasa taa ya oili ikiwaka, na gari huvutwa hadi gereji. Kuendelea kuliendesha kunaweza kuvunja rodi na kutoboa bloku, na hapo injini nzima huwa imekwenda.

Baada ya matengenezo yoyote, gari huendeshwa kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, na kwa hali ileile iliyokuwa ikiutoa mlio. Ukiwa haupo, chanzo kimepatikana. Ukiwa upo, uchunguzi huanza upya kabla ya kipuri kingine kununuliwa.