Ruta ya Nyumbani na Hifadhi Iliyotawanywa

Kupakia faili kwenye hifadhi iliyotawanywa huitwisha ruta mzigo usiofanana na ule wa kupakia kwenye seva moja. Mtandao wa Storj unaonyesha jambo hili vizuri. Katika mpangilio wake uliojulikana kwa miaka mingi, programu iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji hukata faili katika sehemu za megabaiti 64, huzifumba kwa ufunguo, kisha hugeuza kila sehemu kuwa vipande vya takriban megabaiti 2.2 kwa hesabu iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Vipande 29 vyovyote hutosha kuirejesha sehemu nzima. Programu huanza kutuma vipande 110 kwa kompyuta 110 tofauti. 80 vikishafika, vilivyochelewa hukatishwa.

Kwa mpangilio huo, gigabaiti 1 ya faili hutoka nyumbani ikiwa karibu gigabaiti 2.8. Kwa njia ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, kazi ambayo ingechukua dakika 13 huchukua zaidi ya nusu saa, hata ruta ikiwa bora.

Tatizo la ruta yenyewe huanzia kwenye idadi ya miunganisho. Vifaa vyote vya nyumbani hutumia anwani moja ya nje, hivyo ruta huandika kila muunganisho kwenye jedwali ili ijue jibu ni la kifaa kipi. Sehemu nne zikipakiwa kwa pamoja, miunganisho hupita 400 kwa mpigo, na iliyokwisha hubaki jedwalini kwa muda kabla ya kufutwa. Katika ruta ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ndogo na kichakataji dhaifu, jedwali linaweza kujaa: miunganisho mipya hukataliwa, simu za wengine nyumbani hazifungui kurasa, na wakati mwingine ruta hujizima na kujiwasha. Lawama humwangukia mtoa huduma wa intaneti, ambaye mara nyingi hana kosa.

Foleni ni tatizo jingine, na huwapata hata wenye ruta za gharama. Njia ya kupakia kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kupakua. Data ikizidi uwezo wake, ruta au modemu huirundika badala ya kuidondosha mapema, na kila kitu kinachopita humo huchelewa, simu za video zikiwemo. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa yake mwaka 2012, mbinu ya CoDel, inayopima muda ambao data imekaa foleni badala ya urefu wa foleni. Toleo lake linalogawa zamu kwa kila muunganisho limo katika OpenWrt, programu huria ya ruta. Kikomo cha kasi huwekwa chini kidogo ya kasi halisi ya kupakia, ili foleni ikae ndani ya ruta inayojua kuisimamia.

Asiyeweza kubadili ruta apunguze sehemu zinazopakiwa kwa pamoja. Anaweza pia kupitia lango la Storj, ambalo hupokea faili kwa miunganisho michache na kuligawa huko huko. Ila ufumbaji nao hufanyika langoni, na kwa aliyechagua hifadhi hii kwa ajili ya usiri, hiyo ni hasara kubwa.