Mali Bila Daftari: Funzo Kutoka Klabu ya Bangor

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu twaufahamu sana katika biashara na katika mambo ya mirathi, lakini ni mara chache tunaukumbuka tunapozungumzia kandanda. Leo tumeonelea tuwasimulie wasomaji wetu habari za klabu moja ya mbali, isiyo tajiri wala mashuhuri sana ulimwenguni, ambayo ilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini, kisha ikaanguka. Haikuangushwa uwanjani. Iliangushwa ofisini.

Katika pwani ya kaskazini ya Wales, mkabala na kisiwa cha Anglesey, upo mji mdogo uitwao Bangor. Mji na kisiwa vimetengwa na mlangobahari mwembamba wa Menai, ambao tangu mwaka 1826 watu huuvuka kwa daraja la minyororo. Ni mji wa kanisa kuu la kale na chuo kikuu, na bandari yake ilijulikana zamani kwa kusafirisha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya milimani.

Wales ni sehemu ya dola ya Uingereza, lakini ina chama chake chenyewe cha soka, na timu yake ya taifa imecheza fainali za Kombe la Dunia mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 2022. Uzito wa jambo hilo sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa. Chama hicho kiliundwa mwaka 1876, na mwaka huo huo ndipo ilipoanzishwa klabu ya Bangor City. Mwaka 1889 ilitwaa Kombe la Wales kwa mara ya kwanza, na hadi mwaka 2010 ilikuwa imelitwaa mara nane.

Siku yake kubwa ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka 1962. Baada ya kuishinda Wrexham katika fainali ya Kombe la Wales, Bangor ilipata haki ya kucheza Kombe la Washindi la Ulaya, nayo ikapangiwa Napoli ya Italia. Wakati huo Bangor ilicheza katika ligi ya jimbo la Cheshire, chini kabisa ya madaraja manne ya ligi ya Uingereza. Lakini ilikuwa na mwalimu hodari, T. G. Jones, aliyekuwa mlinzi maarufu wa Everton na Wales. Katika uwanja wao wa Farrar Road, vijana wa Bangor waliwafunga Wataliano mabao mawili kwa sifuri.

Kule Naples walifungwa matatu kwa moja, ikawa jumla ni tatu kwa tatu. Laiti kanuni ya kulipa thamani zaidi bao la ugenini ingalikuwapo siku zile, Bangor ingalisonga mbele. Lakini kanuni hiyo ilikuja miaka michache baadaye. Ilibidi uchezwe mchezo wa tatu huko London, katika uwanja wa Arsenal, na Napoli ikashinda mawili kwa moja. Mwaka 1985 Bangor ilirudi katika mashindano hayo hayo, na safari hii kanuni ile ile ikaivusha mbele ya Fredrikstad ya Norway, kabla ya kutolewa na Atlético Madrid.

Ligi ya Wales ilipoanzishwa mwaka 1992, Bangor ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Ilichukua ubingwa mwaka 1994 na mwaka 1995, na mara ya tatu mwaka 2011, katika mchezo wa mwisho wa msimu dhidi ya The New Saints, papo hapo Farrar Road.

Mwaka huo huo wa furaha ndio uliokuwa mwisho wa uwanja huo. Timu ilikuwa imecheza hapo tangu mwaka 1920, katikati ya nyumba za watu, ambako mpenzi aliweza kutoka nyumbani kwa miguu akafika langoni. Kiwanja kikauzwa, likajengwa duka kubwa la vyakula, na mapema mwaka 2012 klabu ikahamia uwanja mpya wa Nantporth, kando ya maji ya Menai. Hatusemi kwamba uwanja mpya ni kitu kibaya. Tunasema tu kwamba uwanja wa zamani ulikuwa mbacha wa klabu, na wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha. Msimu wa mwaka 2018 Bangor ilimaliza ya pili katika ligi, lakini ikanyimwa leseni kwa sababu ya hali ya fedha zake, ikashushwa daraja. Mwaka 2019 klabu iliingia mikononi mwa mwenyeji wa Italia. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Chama cha Soka cha Wales kiliisimamisha kwa kutolipa mishahara ya wachezaji na wafanyakazi, na mwezi wa Februari mwaka 2022 ikajitoa katika ligi. Timu iliyoifunga Napoli haikuwa na mchezo wa kucheza.

Hata hivyo, hadithi haikuishia hapo. Wapenzi wa Bangor hawakungoja chombo kizame ndipo waanze kuogelea. Tangu mwaka 2019 walikutana, wakapiga kura, wakaunda klabu yao wenyewe, mali ya wanachama, wakaiita Bangor 1876. Walianzia ligi ya wilaya, wakiazima uwanja wa chuo kikuu, wakacheza na timu za vijiji. Kisha wakapanda daraja baada ya daraja, na hatimaye wakacheza katika uwanja ule ule wa Nantporth. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia katika kisa hiki. La kwanza ni ardhi. Klabu isiyo na kiwanja chake, au ambayo kiwanja chake kinaweza kuuzwa bila wanachama kuulizwa, ni mpangaji tu katika mji wake yenyewe. La pili ni hesabu. Chama cha Wales kilipoinyima leseni timu iliyoshika nafasi ya pili kilionekana kuwa kikali, lakini ukali huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa mchezaji asiyelipwa mshahara hana faida na nafasi ya pili. La tatu ni uanachama. Mfadhili ni mgeni, na mgeni huja na huondoka. Anayebaki ni yule aliyezaliwa mtaani na kurithi mapenzi ya timu kutoka kwa baba yake.

Hapa kwetu pia wafadhili hukaribishwa kwa ngoma na shangwe, na si vibaya kuwakaribisha. Lakini ni wajibu wa viongozi wa klabu kuwasomea wanachama hesabu kila mwaka, na ni wajibu wa wakuu wa michezo wa Serikali kuzitazama hesabu hizo kabla ya msimu kuanza, si baada ya wachezaji kulalamika. Tunawaomba pia wahusika wa ardhi wahakikishe kwamba viwanja vya mitaa vina hati, na kwamba hati hizo zimeandikwa kwa jina la jamii. Kazi hiyo ni ndogo ikifanywa mapema. Watu wa Bangor waliifanya baada ya kupoteza klabu ya miaka mia moja na arobaini na zaidi.